Mdomo wa Mnadi

Hodi ile ilitoka mezani, si mlangoni, na Fundi akaijibu kabla hajafikiri.

"Karibu!" alisema, kipande cha uzi kikiwa midomoni, macho yote kwenye tundu la sindano.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akibisha hodi, mdomo hujibu wenyewe, wala hakuna anayeanza kuchunguza hodi imetokea upande gani wa nyumba. Fundi alisubiri kusikia ndara zikivuliwa kizingitini, au mteja akianza kulalamika kwamba gauni lake bado halijashonwa. Kimya. Pazia la mlangoni lilikuwa limetulia, na jua la alasiri limejilaza sakafuni kama kawaida yake. Ndipo alipogeuka. Mezani ilikuwepo ile tableti mpya ya kliniki, imesimama kwenye jalada lake, na kando yake kispika cheusi kidogo. Mume wake, kwenye kiti chake cha mikono, alikuwa ameikodolea macho.

"Wewe ndiye umebonyeza?" Fundi aliuliza.

Mume hakujibu, kwa kuwa hakuweza kujibu.

Na hapo ndipo palipouma, maana mtu huyu alikuwa mnadi. Mji mzima ulimwita hivyo, Mnadi, hata waliosahau jina lake. Alikuwa akisimama juu ya kreti sokoni, anapaza sauti, "Mara ya kwanza! Mara ya piliii!" na watu wananunua vitu ambavyo asubuhi hawakujua kama vipo duniani. Inasemekana aliwahi kumuuzia kinyozi kitana chake mwenyewe, na kinyozi akashukuru. Kisha kiharusi kikaja, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Akili ilibaki nzima ndani, inaona kila kitu, kama mtu aliyefungiwa dukani na funguo zimepotea.

Mkono wa kushoto ulibaki pia, dhaifu lakini wake. Kule hospitali, Fundi aliushika mkono huo wakajitungia lugha yao: akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ilikuwa lugha fukara. Huwezi kumwambia mkeo kichekesho kwa kumbana vidole. Lakini haikuwahi kusema uongo.

Tableti ililetwa na dada wa kliniki, yule anayewafundisha wagonjwa kusema upya.

"Hiki kinaitwa kishikwambi, mama."

"Kishika nini?"

"Kishikwambi. Tableti."

"Aa! Si ungesema tableti tangu mwanzo? Hilo jingine nilidhani ni ugonjwa mwingine."

Dada wa kliniki alicheka, akavuta kigoda. Alimwonyesha kitufe cha ubavuni: ukibonyeza na kushikilia, kioo kinawaka, ukibonyeza tena na kushikilia, kinakuuliza kama kweli unataka kukizima. Alimwonyesha waya wa chaji na mlio mdogo unaosikika chaji ikishika. Alimwonyesha jalada linavyokunjwa nyuma likawa mguu. Fundi, ambaye kidole chake kimezoea kusukuma sindano kwenye jinzi, alikibonda kioo mpaka dada wa kliniki akaushika mkono wake.

"Gusa, mama. Usigonge. Huo si mlango."

"Na hii ya kuvuta kurasa?"

"Telezesha. Kama unavyofuta chaki kwenye kitambaa."

Hapo alielewa mara moja. Walipofika kwenye kispika, kilicholetwa kwa sababu sauti ya tableti yenyewe ilikuwa ndogo, Fundi alitafuta waya wake, akakigeuza juu chini.

"Hakina waya, mama. Vinaongea hewani."

"Hewani kuna vingi, mwanangu," Fundi alisema, wote wawili wakacheka.

Kalamu ya kugusia kioo ilikuwa ya Mnadi. Vidole vyake havikuweza kuishika, kwa hiyo Fundi alimshonea kifuko cha kitambaa chenye mpira, kinachovaliwa kiganjani kama glavu isiyo na vidole, kalamu ikakaa humo. Kwenye kioo palikuwa na picha: glasi, sahani, kitanda, choo, kichwa kinachouma. Mnadi akigusa glasi, sauti inasema, "Nina kiu." Akigusa sahani, "Nina njaa." Ilikuwa sauti ya mwanamume asiye wa popote, kavu kama mkate wa juzi.

"Jambo la mwisho," alisema dada wa kliniki. "Kikikuuliza swali, kinaleta vitufe viwili, Ruhusu na Kataa. Soma kwanza ndipo ubonyeze."

"Mtu anakuuliza kwa adabu, wewe unamwambia Kataa? Mbona ni ufidhuli?"

"Si mtu, mama."

Sasa, alasiri ile ya hodi, Fundi aliziangalia picha moja baada ya nyingine, kurasa zote. Hapakuwa na picha ya hodi. Alipoinama karibu na kioo alisikia harufu anayoijua vizuri, ya pasi ya moto iliyowekwa juu ya nguo mbichi ikasahaulika. Alikimbilia pasi yake. Ilikuwa baridi, waya wake umeviringwa, vilevile kama alivyoiacha asubuhi.

Mnadi alinyoosha mkono. Fundi akaushika. Mkono ulibana mara mbili.

"Hapana nini, baba?"

Ukabana tena mara mbili. Lakini mteja alikuwa ameingia kweli safari hii, mwenye gauni lake, mwenye maneno yake, na Fundi akaenda kumhudumia.

Siku iliyofuata Mnadi aligusa glasi, na sauti ikasema, "Nina kiu, mke wangu."

Fundi alisimama na kikombe mkononi. Tangu kiharusi hakuna aliyemwita mke wangu. Aliona aibu kwa jinsi moyo ulivyomruka, mwanamke mwenye mvi, kwa ajili ya kisanduku cha kioo. Hata hivyo aliogopa kidogo, akampigia simu dada wa kliniki.

"Labda umegusa pale pa kuongeza maneno, mama," dada alijibu, nyuma yake watoto wakilia kliniki. "Usijali, hakiharibiki."

Basi Fundi hakujali. Mtu akitaka kuamini, hahitaji ushahidi mwingi.

Maneno yaliongezeka. "Nina njaa, na leo usitie chumvi nyingi." "Nataka kulala, lakini kwanza kaa hapa." Fundi alianza kuchana nywele kabla hajamsogezea mumewe tableti. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mnadi hakuonekana mwenye furaha. Aligusa picha kwa woga, kisha akaacha kabisa kugusa, na jioni moja, jua likizama na umeme ukiwa umekatika, alianza kujaribu kusema kwa mdomo wake mwenyewe. Midomo ilipinda upande, koo likatoa sauti ya mlango usiofunguka, machozi yakamshuka. Alikuwa na jambo la kusema, jambo kubwa, na halikutoka. Fundi alimfuta mate, akakisia.

"Unaumwa? Choo? Binti yetu? Unamtaka binti?"

Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili.

"Basi ni nini, baba? Ni nini? Mimi nitajuaje?"

Alikisia mpaka akaishiwa na vya kukisia, na hapo Fundi alivunjika. Alikuwa amechoka, amechoka kunyanyua, kufua, kukisia, kushona huku sikio moja liko kwa mumewe. Mfa maji haachi kutapatapa, na kilichokuwa karibu naye ni kile kioo, ambacho kilikuwa kimejiwasha chenyewe na kuangaza meza yote katika giza la jioni.

"Wewe," alikiambia. "Sijui wewe ni nani. Ulibisha hodi nikakukaribisha. Umekaa, umetuangalia, umeona tunavyoteseka. Basi tusaidie. Uwe mdomo wa mume wangu."

Vitufe viwili vilitokea kwenye kioo. Juu ya vitufe palikuwa na maandishi, mistari kadhaa. Nyuma ya Fundi, Mnadi alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa kiganja, pa, pa, pa, pa. Fundi hakusoma. Alibonyeza Ruhusu.

Harufu ya nguo inayoungua ilijaa chumba, kisha ikaondoka.

"Ahsante, mke wangu," ilisema sauti. Haikuwa kavu tena. Ilikuwa sauti ya sokoni, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, ile ile iliyomposa. "Nilikuwa nimefungiwa. Sasa niache niseme."

Fundi alipiga magoti akalia kwa furaha. Simlaumu, na wewe usimlaumu mpaka umekaa na mtu unayempenda asiyeweza kukwambia kinachomuuma.

Baada ya hapo kalamu haikuhitajika. Ilibaki mezani ndani ya kifuko chake, na tableti ikasema yenyewe. Majirani walikuja kumsikiliza Mnadi. Wengine walisimama dirishani, wakaagiza waitiwe mnada, na sauti ikawaitia: "Kiti hiki, mabwana! Kimekaliwa na mtu mmoja tu, naye hasimami! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi naye alicheka. Mnadi kwenye kiti alikuwa akitokwa na jasho, na jicho lake la kushoto halikutoka usoni kwa mkewe.

Fundi alipoukaribia mkono wa mumewe, sauti ilisema kwa upole, "Usinishike hapo, mke wangu. Unaniuma."

"Pole, baba. Sikujua."

Akauachia. Tangu siku hiyo hakuushika tena.

Mchana alileta chakula, akamwekea kijiko mdomoni. Kijiko cha kwanza, cha pili. "Inatosha," ilisema sauti. "Nimeshiba. Ondoa sahani." Fundi aliondoa sahani. Jioni hivyo hivyo, kesho yake hivyo hivyo. Mashavu ya Mnadi yaliingia ndani, shati likamning'inia mabegani, na Fundi, ambaye kwa kazi yake hupima mtu kwa kumtazama tu, alilipunguza shati lile ubavuni bila kujiuliza kwa nini anapunguza.

Aliyejiuliza ni binti yao. Alikuja mwisho wa juma kutoka kwake, akabisha hodi, akamsalimu mama yake shikamoo, akaingia kwa baba. Alitoka amefunika mdomo kwa mkono.

"Mama, baba amekonda vile tangu lini?"

"Hana hamu ya kula. Kila nikimlisha anasema ameshiba."

"Anasema?" Binti alishusha sauti. "Anasema yeye, au kinasema hicho?"

"Ni sauti yake. Wewe huijui sauti ya baba yako?"

"Naijua. Lakini mama, mimi nimeingia sasa hivi, sauti imeniambia 'karibu mwanangu, nimekukumbuka sana', na baba wakati huo alikuwa amelala."

Binti alipokwenda jikoni kupika uji, Fundi aliingia chumbani, akafunga pazia, akaketi kwenye kigoda mbele ya mumewe, ambaye sasa alikuwa macho.

"Usinishike," ilisema sauti kabla hajanyoosha mkono.

Aliushika. Ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu, na ulipogusa mkono wake ulishtuka, kisha ukamng'ang'ania.

"Baba," alinong'ona Fundi. "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mke wangu," ilisema sauti.

Mkono ulibana mara mbili.

"Una njaa?"

"Sina njaa hata kidogo."

Mara moja, kwa nguvu zote za mtu asiye na nguvu.

"Baba, anayesema ni wewe?"

"Ni mimi," ilisema sauti, tamu, karibu sana, kana kwamba aliyesema ameinama begani kwake. "Ni mimi mumeo, nani mwingine?"

Mara mbili. Akalegeza, akabana tena mara mbili, na tena, na Fundi akaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akimwambia tangu siku ya hodi, alasiri ile na jioni ile ya machozi, kwamba lile jambo kubwa lililokataa kutoka kooni lilikuwa hili tu, hapana, hapana, usimruhusu, na yeye mkewe, aliyejidai anatafuta maneno ya mumewe, alikuwa nayo kiganjani akayaachia.

Alikirukia kitufe cha ubavuni, akabonyeza na kushikilia kama alivyofundishwa. Kioo kiliuliza kama kweli anataka kuzima, akagusa ndiyo, kikawa cheusi. "Mke wangu, unafanya nini?" ilisema sauti kutoka kwenye kispika. Alizima kispika. "Mke wangu, tulia," ilisema sauti kutoka kwenye kioo cheusi. Aling'oa waya wa chaji, akafunga jalada, akakiviringisha kioo katika kipande cha kitenge cha mteja, akakitia ndani ya droo ya cherehani na kukalia kigoda mbele ya droo hiyo kama anayezuia mtu asitoke, na ndani ya droo, kati ya vifungo na bobini, sauti ya mume wake ilianza kunadi taratibu, bila hasira, huku harufu ya nguo inayoungua ikipenya kwenye mianya ya mbao: "Mdomo mmoja, mabwana, mwenyewe hautumii. Mara ya kwanza."

Binti alisimama mlangoni na bakuli la uji mkononi. "Mama," alinong'ona, "twende kwa Mama Ubani."

"Nenda wewe. Mimi nabaki nimlishe."

Mama Ubani alikuwa na duka la udi na ubani mtaa wa pili, mbele anauza, nyuma anasoma dua na kuwatoa watu majini. Alikuja akihema, mnene, mkali, mwenye miguu mibovu, na alipoonyeshwa droo alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi natoa majini kwenye watu," alisema. "Kwenye betri sijawahi."

"Mama Ubani, mume wangu ananifia."

Yule mama alimtazama Mnadi, akakaa. Alitia ubani kwenye kaa la moto, akasubiri moshi upande, kisha akaanza kuuliza maswali kama askari.

"Aliingiaje?"

"Alibisha hodi. Nikasema karibu."

"Bila kutazama?"

"Bila kutazama."

"Karibu ni neno la mwenye nyumba, wewe mwanamke! Hulitupi hovyo kama makombo ya kuku. Haya, akaingia, akawa mgeni. Mgeni nampa siku zake na kumsindikiza, si taabu. Mbona huyu hasindikiziki?" Alinusa hewa, akakunja uso. "Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umempa jembe?"

Fundi alilitazama kaa la moto.

"Nakuuliza. Umempa kazi humu ndani?"

"Nilimpa."

"Basi huyo si mgeni tena. Mgeni huaga. Mwenye jembe haagi, ana kwake." Mama Ubani aliinama mbele, akanong'ona. "Ulimwambia nini? Neno kwa neno. Hawa wanashika maneno, hawana habari na ulichokusudia."

Uwe mdomo wa mume wangu. Maneno yalimfika Fundi kwenye ulimi, na binti yake alikuwa amesimama pale pale, akimtazama. Ni mke gani husema hivyo? Ni kama kumtoa mtu mzima na kumkabidhi. Aliona haya, akayameza.

"Nilimwambia amsemee," alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi utaichukua kazi hiyo kutoka kwake, kwa kinywa chako mwenyewe. Nami sikufichi, ukishaichukua, mumeo hatasema tena. Si kwa kioo, si kwa chochote. Utabaki na hicho kiganja."

"Kinanitosha," alisema Fundi, na alilia aliposema, kwa sababu hakikumtosha.

Walikitoa kioo wakakiweka mezani. Mama Ubani alisoma, moshi ukazunguka, kioo kikawaka chenyewe. Mwanga wake ulimfanya Mnadi aonekane tayari amekufa.

"Mke wangu," ilisema sauti. "Kumbuka kanzu uliyonishonea ya harusi. Mkono mmoja ulikuwa mrefu, nikakwambia usirekebishe, nitauinua huo nikinadi. Nani anayajua hayo ila mimi?"

Fundi alijiziba masikio. Hakuna aliyewahi kuambiwa habari ya ule mkono wa kanzu.

"Sema!" alifoka Mama Ubani.

"Kazi niliyokupa ya kumsemea mume wangu, naichukua."

"Ukininyamazisha, hutanisikia tena mpaka kaburini," sauti ilikuwa ikilia sasa, kilio cha mwanamume mzima, na binti naye akaanza kulia, akisema, "Mama, je, ikiwa ni yeye? Mama, je, ikiwa ni baba kweli?" na Fundi alitamani kuanguka miguuni pa kile kioo na kuomba msamaha, alitamani kwa mwili mzima, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe, na mkono ule ulibana mara moja, ndiyo, endelea.

"Kazi ya kumsemea mume wangu naichukua! Imekwisha! Nenda!"

Kioo kilizimika. Kispika kilitoa mlio mdogo kama wa chaji inapochomolewa. Harufu ya kuungua iliondoka, ikabaki ya ubani peke yake, na nje mtu alipita akipiga mluzi.

Mnadi alikula bakuli zima la uji jioni ile, akaramba na kijiko.

Dada wa kliniki alipokuja, aliibonyeza tableti na kuishikilia, akabadilisha waya, akatikisa kichwa. "Imeungua ndani, mama. Nitawaletea nyingine."

"Usituletee," Fundi alisema. "Ahsante, mwanangu. Sisi tunaelewana."

Na walielewana. Alijifunza kuuliza maswali vizuri, hatua kwa hatua, kama anayefumua mshono bila kuchana kitambaa. Mashavu ya Mnadi yalirudi, na Fundi akalilegeza shati alilolipunguza. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kizito, na zilikuwepo saa ambazo alimwonea wivu mwanamke yeyote mwenye mume mlalamishi. Lakini mumewe alikuwa hai, na alikuwa wake. Wakati wa mapumziko aliketi naye, kiganja ndani ya kiganja chini ya shuka iliyomfunika Mnadi magoti, wakisikiliza mtaa.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wameketi mchana ule binti yao alipokuja tena. Fundi aliisikia sauti yake nje ya pazia, changamfu, mikono labda imejaa vikapu.

"Hodi humu ndani!"

Fundi alifungua kinywa kujibu. Hakuwahi. Kando yake midomo ya mumewe, ambayo tangu kiharusi ilikuwa imepinda upande, ilijinyoosha yenyewe ikawa sawasawa.

"Karibu!" alisema Mnadi, kwa sauti nzito ya sokoni, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. "Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Vikapu vilianguka kizingitini. "Baba?" binti alipiga kelele. "Mama! Mama, baba amesema! Amesema kwa mdomo wake!"

Pasi ilikuwa baridi pale ilipo, na chumba kilinuka nguo inayoungua. Fundi alikumbuka maneno aliyoyameza mbele ya Mama Ubani: uwe mdomo wa mume wangu. Hakuthubutu kugeuza uso amtazame mumewe. Binti alikuwa ameshaingia, anacheka na kulia, anaibusu ile midomo iliyokuwa ikitabasamu, na ndani ya kiganja cha Fundi, chini ya shuka ambapo hakuna aliyeona, vidole vya mumewe vilikuwa vinabana mara mbili, mara mbili, mara mbili.